Mama, hatukukatalii dawa ya kushika mimba isitoke kwa roho mbaya

Wiki hii tena mama mmoja ametutukana hapa farmasi mbele ya wateja eti tunapenda franka kuliko watu, kisa tumekataa kumkatia plakete (kile kibao cha tembe) ya projesteroni, homoni ya kushika mimba isitoke, bila ordonanse (karatasi ya munganga), na dada yake aliipata hapa hapa. Ndiyo aliipata! Alikuja na ordonanse na ekografi (picha ya tumbo), alishapoteza mimba mbili na hii ya tatu ilianza kutoka damu. Watu wa aina yake ndio inawasaidia. Uingereza walijaribu kwa wanawake zaidi ya 4,000 waliotoka damu mwanzoni, majibu yakatoka 2019, kwa wote pamoja hakukuwa na tofauti ya maana, ila waliowahi kupoteza mimba walionekana kufaidika, na tangu 2021 hao huko wanaandikiwa 400 mg asubuhi na jioni, ya kuweka ukeni, mpaka wiki ya 16. Sasa piga hesabu: boksi ya tembe 15 za 200 mg, nne kwa siku, haifikishi siku 4. Njo maana bei inapanda, si sisi tunaongeza.

Wengine wanakimbilia soko la Kadutu kununua tembe za kukatwa. Mama mmoja alituletea kipande, mkasi umepita katikati ya jina, tarehe haiko, nyuma imebaki "NORETH" tu. Noretisteroni hiyo! Ya kupanga siku za hedhi, mwenye mimba hapewi, kwa dozi kubwa inaweza kuharibu maumbile ya mtoto wa kike. Muuzaji alimwambia zote ni homoni, zinashika mimba. (Hata ile DES waliyokuwa wanapewa wajawazito zamani ilikuwa homoni, mpaka Marekani wakaonya 1971 kwa sababu mabinti waliozaliwa walianza kupata kansa ya uke.)

Mwingine alimeza tembe za jirani bila kupima, kufika hospitali mimba iko ndani ya mrija wa uzazi, hiyo hakuna tembe ya kuishika, alipasuliwa, na ile fakitire (bili) ya hospitali ingelipa ekografi hata za mtaa mzima.

Kwa hiyo ukitoka damu na tumbo linauma upande mmoja au unasikia kizunguzungu, usipitie kwetu, nenda hospitali moja kwa moja. Wengine mulete ordonanse na ekografi, boksi tunaifungua mbele yako, unasoma tarehe mwenyewe. Na plakete iliyokatwa kwingine hatubadilishi, hata ukilia.