Mashine ya kukata majani ni muzuri, lakini musituletee yenye visu wazi

Bwana Muhariri,

Nasalimia wewe na wote wenye wanasoma gazeti hili. Mimi nakaa huku Bagira, Bukavu, nafuga ngombe nyuma ya nyumba sawa vile watu wengi wa kartie yetu wanafuga siku hizi, na majani tunaishusha kutoka milima ya Kabare. Nimesoma ile habari yenu juu ya mashine ya mukono ya kukata majani ya mifugo na nimefurahi kabisa, maana gazeti likiongelea wafugaji mara nyingi ni bei ya nyama ao wizi wa ngombe, basi. Lakini kuna mambo mawili mulisema yenye hayako sawa, na kuna lingine kubwa kuyapita yote, hamukuligusa ata kwa mustari mumoja, njo hilo limenifanya nikamate kalamu.

Nianze na maziwa. Muliandika kwamba ngombe akikatiwa majani maziwa inaongezeka mara mbili. Apana, tusidanganye watu, ju mutu atauza mbuzi wake anunue mashine kisha maziwa ibakie ile ile na aseme mashine ni bure. Kisu hakiongezi kitu ndani ya majani. Matete yenye imekatwa na matete yenye haijakatwa ni matete ile ile. Chenye kinabadilika ni kwamba ngombe ukimutupia matete marefu anachagua, anakula majani laini ya juu, shina analiacha, analikanyaga, analilalia, asubui unafagia unapeleka kwa mboleo. Ukikata vipande vya sentimita 2 mpaka 5 ukavitia ndani ya sanduku la kulia, hawezi tena kuchagua, shina na jani vinaenda pamoja. Ngombe wa kilo 300 anaitaji karibu kilo 9 za chakula kikavu kwa siku, na matete mabichi sehemu kubwa ni maji, kwa hiyo hizo kilo 9 ukizitafuta ndani ya majani mabichi unafika kilo 45 hivi, kila siku. Na nani anazibeba? Ni wamama na wasichana, mugongoni, kamba kwenye paji la uso, kutoka kule juu. Shina lenye linaozea chini ya miguu ya ngombe kuna mutu alilipandisha na kulishusha milima bure. Kwangu mimi hiyo njo faida ya kwanza ya mashine hii, inapunguza mizigo ya watu.

Jambo la pili, mulisema kadiri unakata ndogo ndogo njo muzuri. Hapana pia. Ngombe ni munyama wa kucheua, akila vitu sawa unga vinapita mbio, hacheui vya kutosha, mate yanakuwa kidogo na tumbo linachachuka. Mashine nyingi ziko na namna ya kubadilisha urefu, unahamisha magurudumu ya meno, basi muulize fundi akuoneshe mbele hujalipa. Wenye kufuga sungura na kobayi peke yake wao wasihangaike kununua, panga inawatosha.

Kwa nini ya mukono na si ya moteri? Hapa jibu tunalo wote. Delestaji, yaani umeme wa kukatwa kwa zamu. Unaweza kupata umeme saa tatu ya usiku na asubui ngombe analia njaa. Ya esansi nayo inakula franga zenye maziwa ya ngombe mumoja haiwezi kulipa. Ya mukono unaipakia ata kwa kitoroli, inapanda mulima, inafanya kazi ile saa unaitaka. Na si kitu kipya cha kuogopa: huko Uingereza mwaka 1797 bwana mumoja Robert Salmon alipewa zawadi ya gini 30 (pesa ya zamani ya kule) na chama kinaitwa Society of Arts kwa mashine yake ya kukata majani makavu, na zenye zilikuja nyuma zilifuata njia yake. Zaidi ya miaka 200! Na sisi bado tunakata na panga juu ya gogo mpaka mukono unavimba.

Sasa nikuje kwa lenye linaniumiza.

Kwanza muniruhusu nieleze mashine yenyewe, ju wengi wameiona tu kwa mbali. Kuna kisanduku kirefu, wazi juu, unalaza majani ndani yake. Mwisho wa kisanduku kuna rulo mbili za chuma zenye meno, moja juu moja chini, zinazunguka zikivuta majani ndani. Nje ya mudomo kuna gurudumu kubwa la chuma, na juu yake wamefunga na bulo visu viwili vyenye kupinda. Mutu mumoja anazungusha mukono wa gurudumu, mwingine analisha. Kila visu vikipita mbele ya mudomo vinakata. Lile gurudumu ni zito kwa makusudi, uzito wake njo unasukuma kisu kupita shina gumu la matete ao bua la mahindi, mukono wa mutu peke yake haungeweza. Lakini uzito huo huo njo unafanya ukiachilia lisisimame. Linaendelea. Ata ukipiga kelele linaendelea, mara moja, mara mbili, na kila mara ni visu viwili.

Huku kwetu kuna mutoto musichana, sitasema jina wala avenyu, alipoteza vidole vine vya mukono wa kuume kwa mashine ya namna hiyo. Kaka yake alikuwa anazungusha, yeye analisha. Majani ilikuwa na maji ya mvua, ikakwama kwenye rulo, akasukuma na kiganja. Meno ya rulo yakashika majani na yakashika na vidole pamoja. Kaka aliachilia mukono wa mashine palepale, aliachilia kweli, si kwamba hakusikia, lakini gurudumu likaenda. Yule mutoto alikuwa anaandika vizuri kuliko wote wa darasa lake. Sasa anajifunza upya na mukono wa kushoto.

Ile mashine ilitolewa na muradi, bure, pamoja na picha na hotuba. Visu wazi. Hakuna tole (bati la chuma) ya kufunika, hakuna pini ya kuzuia gurudumu, na hakuna mutu alisema watoto wasiguse. Mimi siko ninatafuta ugomvi na muradi ule, walileta kitu chenye watu walikuwa wanakiitaji. Lakini kuleta visu viwili vyenye kuzunguka ndani ya parseli yenye watoto sita bila kifuniko, hilo siwezi kulisifia, na gazeti nalo lisilisifie.

Na musiniambie ni bahati mbaya. Huko India, ambako vijiji vya wafugaji vimeijua mashine hii tangu zamani, vidole na mikono ya watu vimekatika sana, na watoto wengi ndani yao, wengine walikuwa wanacheza tu na gurudumu wakati hakuna kazi. Wahandisi wa chuo cha IIT Delhi walikaa wakachunguza namna watu wanaumia, kisha wakatoa vitu vya kuongezea kwenye mashine ile ile, bila kuivunja na bila kutengeneza mupya. Yaani mambo yenye dawa inajulikana, na sisi tunaletewa ugonjwa bila dawa.

Dawa yenyewe ni vyuma vya kawaida, fundi yeyote wa kusude (wa kuunga vyuma) wa Kadutu anaviweza. Ya kwanza ni kifuniko cha tole juu ya visu, kimefungwa kwa bulo kwenye miguu ya mashine, siyo kwenye gurudumu, kisu kinazunguka ndani yake na majani yanaanguka chini. Kisha pini: unatoboa tundu kwenye gurudumu na lingine kwenye mwili wa mashine, kazi ikiisha unapitisha chuma na unatia kadena (kufuli), ufunguo unakaa na mama ao baba. Hiyo pini peke yake ingeokoa watoto wenye kucheza. Magurudumu ya meno ya kando nayo yafunikwe, ju pale nguo na kitenge vinaingia. Na kwenye kisanduku, mbele ya rulo za kuvuta, wanaweka kirulo kingine chepesi chenye hakivuti kitu, kiko pale tu ili mukono ukikigusa ujue umefika mwisho, rudi. Kama fundi anaona hiki cha mwisho ni kigumu, basi kisanduku kiwe kirefu na kifunikwe juu upande wa rulo, mukono wa mutu muzima usifike kwenye meno ata akisukuma kwa nguvu.

Visu vyenyewe wanaweza kuvitoa kwa resori (springi) ya kamyo yenye imevunjika, chuma kile ni kizuri na kiko kimejaa kwa magaraji. Rulma (beringi) zinapatikana. Mimi naamini kabisa mashine nzima inaweza kutengenezwa hapa Bukavu, na ingekuwa vizuri kupita zile zinatoka inje, ju ikiharibika unajua mulango wa kugonga.

Kuna kitu kingine watu hawakisemi: visu butu vinaleta ajali. Kisu kikiwa butu hakikati, kinaponda na kuvuta, majani yanajikunja mbele ya mudomo, yanakwama, njo pale mutu anaingiza mukono kuyatoa. Kwa hiyo kunoa si kwa ajili ya kazi nzuri tu, ni kwa ajili ya vidole. Unanoa upande mumoja tu, ule wenye kuinama, na tupa ao jiwe, ule wa bapa unauacha. Kisha unaregesha kisu na unazungusha gurudumu polepole na mukono, ukiangalia kisu kikipita karibu na chuma cha mudomo bila kukigonga, nafasi iwe ndogo sana, kadiri ya karatasi. Nafasi ikiwa kubwa majani laini inapinda inapita bila kukatika. Na mbele ya kulisha, angalia ndani ya majani, ju huku kwetu mafungu yanakuja na mawe na udongo, jiwe moja linatosha kumega kisu. Ikikwama, mutu wa kuzungusha arudishe gurudumu nyuma kidogo, atie pini, kisha mwenzake atoe na kijiti. Na wazungushaji na walishaji wawe watu wazima, nasema hivi nikijua vizuri kwamba nyumba nyingi kazi hii inaachiwa watoto wakitoka masomo, ju wazazi wako sokoni. Naelewa. Lakini ikiwa hakuna mutu muzima, siku hiyo ngombe ale marefu.

Nisiposema na juu ya kiangazi nitakuwa sijamaliza. Tangu mwezi wa sita mpaka wa nane majani inakauka kwa milima na maziwa inashuka, kila mwaka, na kila mwaka tunalia sawa vile ni jambo jipya. Mashine hii inaruhusu kuweka akiba: mahindi yakingali mabichi, ao matete mbele haijakomaa sana, unakata vipande vya sentimita 2 ao 3, unajaza ndani ya pipa ao shimo lenye umetandika plastiki, unakanyaga kabisa mpaka hewa itoke, unafunika, unaweka mawe juu. Kisha wiki nne hivi iko tayari, inanuka uchachu muzuri, na usipofungua inakaa miezi. Majani marefu hayakubali kazi hii, hewa inabakia katikati ya mashina na inaota ukungu. Wakati huu wa vita, wenye walikuwa na ngombe kumi kwa malisho leo wako na mumoja nyuma ya nyumba, na malisho yenyewe hakuna tena mutu wa kwenda kule bila woga. Huyo mumoja njo masomo ya watoto. Kwa hiyo siko ninapinga mashine, muelewe vizuri, nataka iingie kwa nyumba nyingi.

Maombi yangu basi. Kwa wenye miradi na wenye kununua kwa ajili ya vikundi: musipokee mashine yenye haina kifuniko na pini, rudisheni kwa muuzaji, mukikataa wote atazileta zenye ziko navyo. Kwa watu wa kilimo na wa mifugo wa serikali: munapokuja kufundisha, anzeni na pini, urefu wa majani baadaye. Kwa wenye wako nayo tayari nyumbani, visu wazi: leo jioni pitisheni ata kipande cha bomba kati ya gurudumu na miguu, mukifunge na munyororo, na juma hili mupeleke kwa fundi awawekee tole.

Na kwako Bwana Muhariri, kama kuna fundi wa Kadutu, Panzi ao fasi ingine ya muji huu mwenye anatengeneza mashine iko na kifuniko tayari, tunaomba gazeti limupe nafasi aseme iko wapi na ni bei gani. Kikundi chetu cha hapa Bagira tunatafuta mbili mbele ya mwezi wa sita, na ile ya zamani tunataka kuipeleka kwake ifunikwe.

Mufugaji wa Bagira, Bukavu