Malindi tulivyokwenda na Tomi

Voi

Mpendwa Nafula,

Hamjambo huko Kitale? Sisi hatujambo, ila tumeungua jua. Uliniuliza kama mtu anaweza kwenda Malindi na mbwa, akilala garini. Tumerudi juzi, na leo ndiyo kwanza nimemaliza kukung'uta mchanga kwenye godoro, kwa hivyo nakujibu habari zikiwa motomoto.

Kutoka huku kwetu njia ya mkato ni kupita mbuga ya Tsavo Mashariki utokee lango la Sala. Ila mbwa haruhusiwi mbugani, hata akiwa ndani ya gari. Basi mimi na mdogo wangu Mwakio tukaizungusha ile matatu kuukuu tuliyoing'oa viti: Mariakani, Kaloleni, mpaka Mavueni, karibu na daraja la Kilifi. Sikujuta. Kaloleni ni minazi kila upande, na kila tulipoona kivuli kizuri tulisimama mbwa wetu Tomi anywe maji.

Magofu ya Gede tuliyaona kwa zamu, mmoja akibaki nje na Tomi. Mle ndani kuna kima wengi, na unamjua Tomi akiona mkia.

Malindi tulipata ua wa nyumba moja ya wageni, chini ya mwembe, shilingi 500 kwa usiku pamoja na maji ya kuoga. Usiku tuliacha milango ya gari wazi na chandarua tukakitungika juu ya kitanda, maana bila upepo wa bahari humo ndani ni tanuri. Mchana usithubutu kumwacha mbwa garini, hata dakika kumi. Na mchanga! Saa saba niliuwekea kiganja, nikakiondoa kabla sijahesabu tano. Kuanzia hapo tukawa tunatembea alfajiri na baada ya saa kumi na moja jioni tu.

Sasa nikueleze jambo ambalo nataka ulijue kabla hujaja. Asubuhi ya kwanza nilimpeleka Tomi mji wa kale, upande wa Msikiti wa Ijumaa, kwenye yale makaburi ya nguzo. Kamba nilikuwa nimeilegeza. Mzee mmoja wa kanzu nyeupe akatokea uchochoroni, na Tomi akamwendea kumnusa. Mzee akaikusanya kanzu yake mpaka magotini, akabana ukutani. "Mvute, mwanangu." Nikamvuta mbio. "Kunradhi, baba," nikasema, na uso umenishuka.

Hakukasirika. Alinieleza taratibu kwamba mate ya mbwa yakigusa nguo yake, hawezi kusali nayo mpaka ioshwe mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Kisha akamtazama Tomi, ulimi nje. "Huyu amekunywa maji?" Akaingia ndani, akarudi na kifuu kimejaa, akakiweka chini mbali na mlango, akarudi nyuma hatua tatu. Tomi akanywa mpaka kifuu kikapinduka. Mzee akasema kumnywesha mwenye kiu kuna thawabu, awe mtu au mnyama. Nafula, nilitokwa na machozi pale pale. Miaka yote nimesikia kwamba watu wa pwani wanachukia mbwa, nami nikaamini bila kumwuliza hata mmoja wao.

Tangu hapo kamba ikawa fupi, na nikiona mtu amevaa kanzu au buibui navuka upande wa pili kabla hajalazimika kunikwepa. Wakati wa adhana hatupiti karibu na msikiti. Watu waliliona hilo. Siku ya tatu mama karanga mmoja, ndivyo wanavyowaita kina mama wakaanga samaki, alimwita Tomi kwa jina, akamtupia kipande cha tafi. Miiba niliitoa mwenyewe.

Bahari ilikuwa rangi ya chai. Mvua ikinyesha bara, Mto Sabaki huja na tope lote na kulimwaga kaskazini kidogo ya mji. Na Sabaki ndio Galana yetu hii inayopita Tsavo! Tomi alitoka majini mwekundu vilevile anavyotoka shambani kwetu, ila na vipunje vya mchanga unaong'aa puani. Kwenye hifadhi ya bahari hatukumpeleka, mbwa hawaruhusiwi. Kwenye nguzo ya Vasco da Gama nilienda peke yangu. Upepo wa pale pekee unatosha kukupeleka.

Mchanje mbwa wako chanjo ya kichaa cha mbwa mapema na ubebe kadi. Beba dawa ya kupe pia, Tomi nilimtoa kumi na mmoja tuliporudi. Na ndoo ya maji yake peke yake.

Mkija, laleni kwetu Voi kwanza. Kile kifuu mzee aliniambia nikichukue. Kipo hapa mlangoni, na Tomi hataki kunywea bakuli jingine.

Wako,
Mghoi