Kwa mdogo wangu anayening'inia mtini

Mdogo wangu,

Picha uliyotuma tumeipata. Mama ameitazama mara mbili, akauliza, "Huyu amefungwa na nani?" Nikamwambia hujafungwa, umekaa. Hakuamini. Miguu iko juu ya kibao kidogo kama sinia, uso umeelekea gome, makalio yamebebwa na mkanda, na unatuambia ndivyo watu wa Marekani wanavyovizia kulungu!

Mimi nilielewa upesi. Miaka kumi na minne nimepanda nguzo za umeme hapa Bukavu, na ile kamba unayozungusha mtini wakati wa kupanda ni ndugu ya mkanda wetu wa kazi. Habari za mnyama utanifundisha wewe. Hapa kwetu nani angenifundisha kuwinda, na msitu wa Kahuzi-Biega ni hifadhi ya taifa tangu 1970? Ila habari za kamba, nisikilize.

Umeandika habari za kamba zako mbili, ya kupandia na ya kukubeba juu, kwamba ukifika "unafungua moja, unafunga nyingine". Hapo niliweka kikombe chini. Mwaka wangu wa pili kazini, upande wa Nguba, nilifungua mkanda ili nivuke waya uliokatiza nguzo. Nilihesabu ni kitu cha sekunde tatu. Kiatu kilikuwa na tope, nikateleza, nikashuka nimekumbatia nguzo hadi chini. Lile kovu la kifuani, ulilokuwa ukiniuliza kama nilipigana na paka, ndilo hilo.

Kwa hiyo geuza maneno yako. Funga kwanza kamba ya juu, ikaze, ikalie mpaka uone imekubeba, ndipo ufungue ile ya kupandia. Kushuka ni kinyume chake. Kamba ya juu isilegee hata ukijisikia vizuri, maana urefu ulioulegeza ndio utakaoanguka kabla haijakudaka. Na lile fundo la Prusik, linalokaza na kulegeza kamba yako, lisukume kwa mkono liteleze, kisha liegemee uone linabana, kila siku, hata kama jana lilibana.

Kupanda mita sita kusubiri. Weka kibao kimo cha goti, nyuma ya nyumba, ufunge na kufungua mpaka vidole vijue bila macho, kwa sababu asubuhi ya kuwinda utapanda gizani. Zunguka mti pande zote, ujue ni upande gani mkanda unakukata nyonga. Upinde usipande nao: uache chini, mishale ndani ya podo, uuvute kwa kamba nyembamba ukishafungwa juu.

Juu ya harufu, umesema kulungu hukunusa kabla hujamwona. Unakumbuka moshi wa makaa kwetu? Jioni, mlima ukipoa, unateremka taratibu kuelekea ziwani na kuingia nyumba za chini. Asubuhi jua likipiga mteremko, unapanda. Hewa ya kilima chako huko nadhani haina desturi tofauti, basi ukichagua mti fikiria jasho lako ni moshi huo, uone litaingia nyumba ya nani.

Mama nimemweleza pia kwamba pembe za huyo mnyama huanguka kila mwaka na kuota nyingine. Amecheka mpaka akashika ubavu. Sasa anataka umtumie moja, lakini iliyookotwa chini.

Kaka yako,
Bukavu