Hukumu ya ua lililo bora

Moshi,
Novemba.

Mpenzi Mwanahawa,

Pokea salamu nyingi kutoka huku mlimani. Sisi wazima, vuli inanyesha kwa kusuasua, na jakaranda za mjini zimechanua hadi mtu anatembea juu ya maua. Barua yako nimeipata. Hongera sana kwa kuezeka, maana kwa bei za mabati siku hizi aliyefika hapo amemaliza kazi.

Unaniuliza ua lipi zuri kuliko yote duniani, kwa sababu shemeji ameshikilia kwamba ni tulipu, zile za kwenye kalenda yenu ya ukutani. Kwa kuwa nauza miche mmeniona hakimu. Haya, hukumu nitaitoa, ila kwanza nisikilizeni.

Hizo tulipu mimi nazijua kwa wateja. Kila mara anasimama mtu kitaluni na simu mkononi, ananionyesha mashamba ya Uholanzi yenye mistari myekundu na ya njano, anataka miche. Namweleza kwamba lile ua hutoka kwenye kitunguu, si hiki cha mboga bali tunguu lake la ardhini, na kitunguu chenyewe lazima kipigwe baridi wiki nyingi ndipo kikubali kuchanua. Muheza hiyo baridi mtaitoa wapi, kwenye friji? Na wala kwao si Uholanzi. Asili yake ni milima ya Asia ya Kati, masultani wa Uturuki wakalipenda, kisha mwaka 1593 bingwa wa mimea Carolus Clusius akalipanda kwenye bustani ya chuo kikuu cha Leiden. Baadaye Waholanzi wakalipagawia, kitunguu kimoja cha aina adimu kikafikia bei ya nyumba nzuri. Februari 1637 wanunuzi wakaingia mitini na bei zikaporomoka. Mwambie shemeji ua lake lina historia ya madeni.

Wengine huniletea picha za sakura, maua ya micheri ya Japani. Hayo nakiri ni mazuri, mti mzima unageuka waridi mpauko kabla ya majani kutoka, halafu baada ya wiki moja au mbili yote yako chini. Mwaka 1912 jiji la Tokyo liliwapa Wamarekani miche kama 3,000 ya miti hiyo, ikapandwa Washington, na mpaka leo watu husafiri kwenda kuiangalia. Lakini nayo inataka baridi.

Kama sifa ingekuwa ukubwa, tungempa ushindi rafflesia wa misitu ya Sumatra. Ua moja hufika upana wa karibu mita nzima. Halina jani, halina shina, linaishi kwa kunyonya mmea mwingine, na linanuka mzoga ili nzi waje kulichavusha. Sijui ni mchumba gani angelipokea.

Sasa Madagascar, hapo ndipo ninapopapenda. Kwanza miti yenu ya mikrismasi, ile inayowaka nyekundu Desemba pale kwenu, asili yake ni huko. Halafu kuna okidi moja nyeupe yenye umbo la nyota, na nyuma ya ua unaning'inia mrija mwembamba wa karibu sentimita 30, asali iko chini kabisa. Charles Darwin alipoletewa ua hilo, mwaka 1862 aliandika kwamba lazima huko Madagascar kuna nondo mwenye ulimi wa kufika chini. Watu walimcheka. Akafariki mwaka 1882 bila kumwona mdudu wake, na ilipofika 1903 nondo huyo akatangazwa na wataalamu, ulimi wake mrefu vilevile. Mimi nikimwona nondo kwenye taa ya barazani siku hizi simfukuzi.

Na hii bogenvilia uliyoagiza, usidhani ni ya Moshi wala ya Tanga. Kwao Amerika ya Kusini. Wafaransa waliokuwa wakizunguka dunia kwa meli waliikuta Brazili mwaka 1767, na mtaalamu wao wa mimea, Philibert Commerson, alikuwa na msaidizi aliyejulikana kama mwanamume. Kumbe ni mwanamke, Jeanne Baret, aliyevaa nguo za kiume kwa vile wanawake walikatazwa melini. Ndiye mwanamke wa kwanza anayejulikana kuizunguka dunia, na wapo wanaoamini kwamba bogenvilia ni yeye aliyeichuma. Mimi nimeshaamua kuwa ni yeye. Ukiishika utazame vizuri: ile rangi ni ya majani, ua lenyewe ni kile kidude cheupe katikati.

Basi hukumu yangu. Ua zuri kuliko yote, Mwanahawa, liko juu yako hapo Amani, kwenye milima ya Usambara, nusu siku ya safari, nawe hujalitembelea. Linaitwa saintpaulia, ni lile la zambarau lenye jicho la njano na majani yenye vinyweleo kama shavu la mtoto, linaloota kwenye mawe yenye kuvu la kijani, kivulini, penye unyevu. Mwaka 1892 bwana mkubwa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alilikuta Usambara akalipeleka kwao, na mwaka uliofuata likapewa jina lake. Leo limejaa kwenye madirisha ya Ulaya na Marekani, limezalishwa la pinki, jeupe, la kujikunja kingo, na mabibi wa huko hushindana kwa maonyesho. Wakati huohuo kwao Usambara linapungua, kwa sababu mti wa juu ukikatwa jua linapiga jiwe, jiwe linakauka, na ua ndiyo mwisho wake. Hilo linaniuma kuliko tulipu zote.

Usiling'oe msituni, ile ni hifadhi. Tafuta mtu anayelifuga kwenye kopo, umwombe jani moja tu lenye kikonyo. Chomeka kikonyo kwenye udongo mwepesi uliochanganywa na mchanga, weka kivulini, baada ya wiki kadhaa vitoto vitachomoza pembeni. Maji mimina kwenye kisahani, usimwagie majani, yatapata madoa. Nami niombee jani la pili.

Vijiti vya bogenvilia nitavitia kwenye basi Ijumaa, nimevifunga kwa gunia bichi, vya zambarau na vya rangi ya chungwa. Kondakta nitamlipa huku, asije akakudai tena. Chomeka siku hiyohiyo, mbali na ukuta, maana ikishika haina adabu. Na ukipata vipande vya asumini la bi mkubwa wako nirudishie kwa basi hilohilo, huku watu wa harusi wananisumbua.

Shemeji mwambie kesi anaweza kukata rufaa, ila aje mwenyewe na aje na nazi.

Wako,
Neema