Mwanangu, kabla hujajaza hayo maombi ya zimamoto

Mwanangu, marahaba. Ile voisi yako ya kutaka kujiunga na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji nimeisikiliza, na mama yako nae kaisikiliza akaanza kulia hapohapo jikoni kwahiyo jibu lake unalijua. Mi sijakataa. Ila kabla hujatuma hayo maombi soma hii mpaka mwisho, nimeandika maana kwenye simu ungenikatisha.

Kwenye voisi yote umeongelea moto tu. Mwanangu moto ni sehemu ndogo ya kazi ile. Utaitwa basi limegonga lori kuna mtu kabanwa miguu, utaitwa mtoto katumbukia kisimani, mto umejaa umebeba gari, nyuki wamevamia shule, na siku nyingine utashinda unazunguka madukani na mahotelini unakagua mitungi ya kuzimia moto huku mwenye duka anakununia. Kama hivyo vyote uko navyo sawa bas tuendelee.

Kinachonipa wasiwasi mimi ni watu. Baba yako nimeendesha semi za mafuta Dar mpaka Tunduma miaka na miaka, kwahiyo niache niongelee ninachokijua. Unakumbuka Msamvu, pale Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, lori la petroli likapinduka asubuhi watu wakaja na madumu, wakafa zaidi ya 100. Sasa sikia dereva anavyoiona ile. Petroli yenyewe haiungui, kinachoungua ni mvuke wake, na mvuke ule ni mzito kuliko hewa haupandi juu, unatambaa chini chini unaingia mtaroni unaweza kufika mpaka kwenye jiko la mama ntilie ng'ambo ya barabara na hakuna aliyeuona. Hapo inatosha bodaboda mmoja apige stata, au mtu achomoe waya wa betri. Na ukimwagia maji matupu petroli inaelea juu ya maji inasafiri na moto wake, ndio maana wenzenu wanatumia povu. Hayo chuoni watakufundisha vizuri kuliko mimi.

Ila ule umati nani atakufundisha? Utashuka kwenye gari umekuta watu wamejaa na ndoo, kuna mama ana mtoto mgongoni, kuna wazee wa rika langu, we binti wa juzi unawaambia ondokeni wanakucheka, mmoja anakuuliza we dada kwani mafuta ya babako? Na hapo moto haujawaka. Inabidi uwatoe na wakuone mbaya, na ukifanikiwa lori likanyanyuliwa salama hakuna atakayejua kama umeokoa mtu, watarudi nyumbani wanalalamika zimamoto wamewanyima riziki. Mi naona hapo ndio utapimwa, kuliko kwenye kupanda ngazi.

Alafu matusi. Kila nyumba ikiungua utasikia "wamekuja wamechelewa, wamekuja bila maji". Saa nyingine wana haki kulalamika, sikatai. Lakini piga hesabu, gari limebeba lita 5,000, mkifungua mipira miwili kwa nguvu hazifiki dakika kumi yamekwisha, na haidranti, lile bomba la barabarani la kujazia maji magari ya zimamoto, ya mtaa ule kuna mtu kajenga kibanda juu yake au lami imeifukia. Na mitaa kama ya Tandale au Manzese gari kubwa kama lile linapita wapi? Hayo yote aliyeunguliwa hawezi kuyasikiliza muda ule, kitanda chake kinaungua, atakurushia jiwe wewe. Na kabla ya hapo 114, namba ya dharura ya zimamoto, ilishapigwa na watoto wanaocheza na simu wanacheka wanakata. Ukiwa mtu wa kujibu kila tusi, na wewe unajijua, utachoka haraka.

Ila watu haohao usiwadharau. Ndege ilivyoanguka Ziwa Victoria pale Bukoba, Novemba 2022, watu 19 wakafariki na 24 wakapona, wa kwanza kufika ni wavuvi na mitumbwi yao. Yule kijana Majaliwa Jackson alikuwa mvuvi tu, baadae serikali ikamchukua akaingizwa jeshi hilohilo unalolitaka wewe. Na gorofa lilivyoshuka Kariakoo Novemba 2024 wafanyabiashara walianza kuchimba kwa mikono. Wewe siku zote utamkuta mtu ameshaanza, muulize ameona nini kabla hujamwambia asogee.

Kitu kingine, kisima. Umesikia habari hizi, mtu kaingia kisimani au shimo la choo kadondoka, mwenzake kamfuata kadondoka, wa tatu nae. Chini kule hewa hakuna au kuna gesi. Wewe una roho ya kurukia, tangu mdogo ulikuwa hivyo, na ndio maana mama yako analia. Kama huna mtungi wa hewa mgongoni na kamba kiunoni na mtu wa kuishika juu, usishuke, hata waliosimama pale wakuite mwoga. Hili sikuombi, nakuagiza.

Na masizi nayo, usiyachukulie ushujaa ukapiga nayo picha. Mwaka 2022 ile taasisi ya utafiti wa saratani ya WHO iliiweka kazi ya kuzima moto kwenye kundi la juu la vitu vinavyosababisha saratani. Ukitoka kwenye moshi oga, nguo za kazi zifue hukohuko, usinilalie nazo kwenye godoro nyumbani.

Haya, maombi. Tangazo lisome kwenye tovuti ya jeshi lenyewe, usisome kwenye magrupu. Angalia umri, angalia kama wanataka cheti cha JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), chako unacho. Mtu akikwambia ana mjomba makao makuu umtumie laki mbili jina lako lipite, mblock hapohapo, hata awe ndugu wa mama yako, na unajua namsema nani. Kuogelea hujui kwahiyo anza sasa hivi, binamu yako wa Kigamboni anajua vizuri. Usisubiri mpaka upangiwe chuo cha zimamoto cha Chogo kule Handeni ndio uanze kuhangaika. Na leseni ya gari nitakulipia mimi shule, dereva ana nafasi yake kila jeshi.

Cheti cha kuzaliwa kipo kwenye begi jeusi juu ya kabati la bibi, katoe kopi, original urudishe. Mama yako niachie, Jumapili mchana asipopokea simu yako piga tena jioni.

Baba