Tufunge kenchi kabla ya mvua za Novemba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie jambo linalotutesa wakazi wa Nyanda za Juu Kusini kila mvua zinapoanza. Kuanzia Novemba hadi Aprili hatukosi kusikia kwamba mvua iliyoambatana na upepo mkali imeezua nyumba, shule au zahanati, iwe Mbeya, Njombe au Iringa. Na kila ikitokea, video za tonado za Marekani huanza kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp, mtu kaandika chini yake kuwa ni Tunduma au Makambako. Matokeo yake watu wanaogopa upepo usio wao, na ule unaowaezua hawaujui.

Tonado ni nguzo ya upepo unaozunguka kwa kasi kubwa, juu imeshikana na wingu la radi na chini inagusa ardhi. Ili itokee ni lazima hewa ya joto yenye unyevu iwe chini na hewa ya baridi iwe juu, ile ya chini ipate kupanda kwa nguvu. Hilo peke yake halitoshi, maana hata sisi tunalipata karibu kila alasiri ya Desemba. Kinachotakiwa zaidi ni upepo kubadilika kadiri unavyokwenda juu: chini unavuma taratibu kuelekea upande mmoja, kilomita chache juu unavuma kwa kasi kuelekea upande mwingine. Tofauti hiyo huifanya hewa ya katikati ijiviringishe ikiwa imelala. Hewa inayopanda ikiikuta huinyanyua ikasimama wima, na wingu zima likaanza kuzunguka. Katika baadhi ya mawingu hayo, wala si mengi, mzunguko hujikaza na kushuka hadi chini.

Nyanda za kati za Marekani zimekaa vizuri kwa mambo hayo yote kukutana, ndiyo maana nchi ile hupata tonado zipatazo 1,200 kwa mwaka. Afrika Kusini nao wanazijua: tarehe 3 Juni 2024 moja ilipiga Tongaat, KwaZulu-Natal, ikaua watu zaidi ya 10. Kwetu, karibu na ikweta, tofauti ya upepo wa chini na wa juu kwa kawaida ni ndogo, hivyo tonado kubwa ni nadra sana. Na kile kisulisuli cha vumbi tunachokiona Usangu wakati wa kiangazi kinatoka kwenye ardhi iliyochomwa na jua, anga likiwa halina wingu. Hakina uhusiano na wingu la radi.

Kinachotuezua sisi mara nyingi ni upepo unaoporomoka kutoka winguni. Mvua na mawe vinapoanguka huiburuta hewa kuja nayo chini. Baadhi ya matone hukauka njiani, mawe huyeyuka, na hewa hiyo ikapoa, ikawa nzito kuliko inayoizunguka, ikazidi kuporomoka. Ikifika ardhini haina pa kwenda ila kusambaa pande zote, na kasi yake inaweza kupita kilomita 150 kwa saa. Mara nyingi ndani ya dakika 10 umekwisha, na eneo ulilopiga halizidi kilomita chache.

Aliyetufumbua macho kuhusu upepo huu ni Mjapani Tetsuya Fujita wa Chuo Kikuu cha Chicago, yule yule aliyetoa kipimo cha ukali wa tonado mwaka 1971. Akitazama kutoka angani miti iliyoangushwa na dhoruba za Aprili 1974 kule Marekani, aliona kwamba mahali pengine miti haikusokotwa hata kidogo. Ilikuwa imelala ikielekea nje kutoka kwenye kitovu kimoja. Wenye mashamba ya misindano Mufindi wanaweza kufanya uchunguzi huo huo bila ndege. Miti ikilala imetawanyika kuelekea nje, au yote upande mmoja, huo ni upepo wa kuporomoka. Ikiwa imepishana na kusokotwa kwenye njia nyembamba, hapo tuseme tonado.

Nasisitiza hili kwa sababu ninaumia sana ninaposikia upepo umeezua nyumba moja katikati ya nyumba kumi, kisha bibi wa jirani akanyooshewa kidole. Upepo wenye eneo dogo ndivyo ulivyo, na katika hizo kumi huanza na ile ambayo paa lake halikufungwa.

Msimu uliopita nilikwenda kumpa pole jirani yangu hapa Uyole. Paa tulilikuta kwenye shamba la mahindi ng'ambo ya barabara, likiwa zima. Mabati yalikuwa yameng'ang'ania papi (mbao za kupigilia bati), papi zimeng'ang'ania kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa), misumari yote ipo mahali pake. Tulipopanda kuangalia ukuta tukakuta ule ubao unaobeba kenchi ulikuwa umelazwa juu ya tofali za kuchoma, umekandikwa udongo kidogo, basi. Hapakuwa na waya wala nondo. Mwenye nyumba alikuwa amenunua bati la geji nzuri kwa mkopo, na fundi akamwachia paa lililokaa kwa uzito wake tu.

Upepo ukipita juu ya paa huivuta bati kwenda juu, na ukiingia kupitia dirisha, mlango au uwazi wa chini ya paa husukuma kutokea ndani, sawasawa na unavyougeuza mwamvuli. Kwa hiyo wale wanaoshauri kufungua madirisha ili upepo upite wanaharibu. Funga yote. Baraza nalo liwe na paa lake peke yake, lisiwe mwendelezo wa paa kubwa, maana linanasa upepo kwa chini na likinyanyuka linaondoka na paa zima. Anayejenga aache nondo au waya mnene ukitokeza kwenye lenta ya juu, auzungushie kila kenchi. Aliyekwisha kujenga anaweza kutoboa ukuta mistari mitatu au minne ya tofali chini ya paa, akapitisha waya na kuukaza juu ya kenchi. Ni kazi ya fundi mmoja na kilo chache za waya.

Halafu kuna mawe. Ukipita mitaani utaona bati zimelaliwa na mawe, vipande vya tofali na magurudumu chakavu ili zisipeperuke. Hata kwenye tonado zenyewe, wengi wanaokufa huuawa na vitu vinavyorushwa. Ile iliyopiga Daulatpur na Saturia, Bangladesh, tarehe 26 Aprili 1989, iliua watu wapatao 1,300, wengi wao wakiishi kwenye nyumba dhaifu. Jiwe lililo juu ya bati siku paa likinyanyuka litaangukia kitandani kwa mtoto. Nawaomba wazazi wenzangu wayashushe na fedha ya kwanza ikipatikana inunue waya.

Wingu likijikusanya jeusi lenye ukijani, ukasikia mvua ya mawe kwa mbali, kisha ukapigwa ghafla na upepo wa baridi unaotangulia na vumbi, una dakika chache, pengine hata hizo huna. Angalizo la Mamlaka ya Hali ya Hewa linasaidia kujua siku ya hatari, lakini halitakutajia mtaa wako. Zima jiko, ingiza watoto kwenye chumba kidogo cha ndani, stoo au korido, mbali na madirisha, wainame wafunike vichwa kwa mikono na kujifunika godoro. Wa bodaboda ashuke, asijibanze chini ya milingoti wala kwenye kibanda cha bati. Shuleni watoto wasikusanywe bwaloni. Paa pana ndilo linaloondoka kwanza. Wabaki madarasani chini ya madawati, upande usio na madirisha. Upepo ukipita, nyaya za umeme zilizoanguka zisiguswe na mtu yeyote hadi mafundi wa TANESCO wafike.

Ombi langu kwa halmashauri zetu ni kwamba Septemba na Oktoba, kukiwa bado kukavu, wahandisi wapande juu ya mapaa ya shule na zahanati wakague kama kenchi zimefungwa ukutani. Kamati za shule nazo zisimlipe fundi fedha ya mwisho kabla hajawaonyesha waya.

Mwalimu mstaafu,
Uyole, Mbeya