Hizo wiki mbili za katikati

Shosti wangu Zuhu,

Mambo vipi huko kwenye baridi? Voisi yako niliisikilizia kwenye daladala ya Tandika mpaka nikapitilizwa kituo haha. Nimefurahi umeanza kwenda kwa kaunsela, na kwamba mmeelewana, maana hapo ndo pagumu. Ila ulivyosema miadi inayofuata ni baada ya wiki mbili, ukauliza "sasa mpaka wiki mbili ziishe nakaaje na hiki kichwa" nikaona hili sio la kujibu kwa emoji.

Mi mwaka jana nilivyokuwa sijiwezi, kilichonishikilia sio ushauri wa watu (na watu wana ushauri jamani, kila mtu na mganga wake), ni joging. Si unazijua za huku mtaani, Jumamosi alfajiri, tisheti rangi moja, wa mbele anaimba chenja wengine mnaitikia, bodaboda zinawapigia honi. Mi hata sikuwa nakimbia, nilikuwa natembea nyuma kabisa na kina mama wa presha, na hakuna aliyeniuliza nina nini. Lakini nisipotokea, kuna mama muuza vitumbua anakuja kugonga dirisha, "wee, unatuchelewesha!", basi natoka hivyo hivyo na mtandio, yani kuna siku nimeamka sio kwa sababu nataka kuishi vizuri, nimeamka ili yule mama asiamshe majirani.

Kaunsela wangu ndo alinihadithia mabibi wa Harare. Daktari wa akili, Dixon Chibanda, alianza 2006 na mabibi 14 pale Mbare, wakafundishwa kukaa na watu kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasikiliza. Baadaye wakafuatiliwa wagonjwa 573, majibu yakatoka 2016, na baada ya miezi sita waliokaa na mabibi dalili zao zilikuwa zimepungua kuliko wenzao wa huduma ya kawaida. Ila mi nilichopenda ni cha baada ya benchi, wale wagonjwa wanaingia kwenye kikundi, wanafuma mikoba kwa plastiki zilizotumika huku wanapiga stori. Mikono ina kazi, mdomo unafunguka wenyewe. Kwa hiyo ukisema huna nguvu ya kuongea na watu sikuelewi, nani kakwambia uongee, nenda kwa mama mwenye nyumba mchambue maharage mnyamaze wote wawili.

Halafu wewe Mungu kakupa msitu wa Magamba hapo juu, sisi huku mpaka tupange nauli ya Pugu. Nenda asubuhi, na yule mwalimu mwenzio maana sitaki uzurure peke yako, simu iache mfukoni. Tafuta mbega. Ukimpata simama umwangalie tu, lile joho jeupe linavyopepea akiruka, akishapita tawi bado linanesa. Dakika zile hauwazi deni wala nani kasema nini. Na ule mwanga wa asubuhi unasaidia mwili kujua saa zake, we si umesema usingizi umekimbia? Ukirudi andika kwenye kidaftari ulijisikiaje, hata neno moja, siku ya miadi mpe kaunsela asome, maana tukifika pale wote tunasema "niko poa tu".

Ila tuelewane, msitu hauchukui nafasi ya dawa. Zile ulizoandikiwa usiache eti kwa sababu umetembea ukajisikia mwepesi, ongea na waliokuandikia kwanza. Na mawazo ya kujidhuru yakija usingoje tarehe, mpigie kaunsela au nenda hospitali, na mimi nipigie hata saa nane usiku, nitapokea, nitanuna lakini nitapokea.

Jumapili nakupigia jioni, asubuhi usinitafute, wa Mbagala wametualika joging na supu, na safari hii supu ni ya mbuzi kwa hiyo hata wale wavivu watakuwepo. Msalimie mama mwenye nyumba, mwambie yale mapeasi yake yaliishia njiani, Tandika hayakufika.

Wako,
Mwana